Gauni Lililoanzia kwa Dada

Kwenye jumba la maigizo walimwita Mama Sindano, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe alipewa na mlinzi wa mlangoni, na mlinzi yule alimwita kila mtu kwa kazi yake. Kwao, tangu utotoni, aliitwa Saa. Hilo la kwao ndilo lenye habari, kwa hiyo tulishike hilo.

Saa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo usio na breki. Alishona mavazi ya jukwaani tangu enzi ambazo nusu ya waigizaji wa sasa walikuwa bado wananyonya. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jukwaa, juu ya ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa jirani. Humo ndani mlikuwa na meza ya kukatia, pasi nzito, cherehani ya kukanyaga aliyoiamini na ya umeme aliyoiita mgonjwa. Kwenye kamba walining'inia wafalme, maaskari na maharusi, wote wakisubiri miili. Mwigizaji mmoja aliwahi kuja kulalamika kwamba suruali yake imenywea. Saa alimtazama kitambi, akamjibu kwamba suruali haijala kitu tangu mwezi uliopita, aulizwe mwingine.

Jambo moja hakulisema kwa mtu yeyote pale. Mpishi yule maarufu, yule ambaye picha yake iko kwenye mifuko ya unga na kwenye kalenda za ukutani, ambaye wakubwa wanapanga foleni ili wapate meza kwake, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Saa alikaa kimya si kwa aibu. Alijua tu kwamba ukitamka kuwa ndugu yako ni mtu mkubwa jikoni, kesho yake una msururu wa watu mlangoni wanaotaka kuombewa kazi ya kuosha vyombo.

Ndipo ikaja habari kwamba jumba lao litatengeneza mchezo wa nyimbo kuhusu utoto wa Mpishi. Mdogo wake alimpigia simu mwenyewe, anacheka kama mtoto, anauliza kama amesikia. Saa akasema amesikia, tena atashona. Mdogo mtu akataka kuwaambia waigizaji wamtafute dada yake awape habari za zamani, maana yeye kumbukumbu zake zote ziko mdomoni, anakumbuka ladha tu. Saa akamkataza. Wakimtaka watamtafuta wenyewe. Hakuzaliwa kujipendekeza.

Na hapo, kwa kiburi chake, akawa amejifungia mlango kwa nje.

Siku ya kwanza ya kusoma mchezo, watu walikaa duara jukwaani na karatasi zao. Saa alikuwa pembeni na futi shingoni na pini mdomoni, anawapima mabega wachache wachache huku masikio yote yako kwenye maneno. Mchezo ulianza vizuri. Kulikuwa na mama anayewapikia wapasua mbao kwenye kibanda cha mabati. Kulikuwa na binti mdogo juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijiko mkononi. Saa akasubiri. Wakasoma ukurasa, wakasoma mwingine, mama na binti, binti na mama. Mpiga kinanda, mzee mpole mwenye sweta lililotoboka viwiko, ndiye aliyeuliza kama Mpishi hakuwataja ndugu.

Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho makali na adabu zake. Alijibu kwamba Mpishi alimtaja dada, na kwenye maandishi ya kwanza dada alikuwepo, lakini wamemtoa. "Mtoto mmoja anabeba hadithi," alisema, "wawili wanaigawa. Na yule dada hana kazi kwenye mchezo. Yupo yupo tu."

Hana kazi. Saa alikuwa ameshika bega la mwigizaji mmoja, na yule kijana akaruka akidhani amechomwa. Kweli alikuwa amechomwa.

Sasa sikiliza kazi ambayo dada hakuwa nayo.

Mama yao alikuwa mpishi wa wapasua mbao kweli, nyuma ya karakana, mahali ambapo vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye nyusi. Baba alikwishajiendea zake na hapa hatutamtafuta. Mwaka mmoja mama akaugua homa ya kumlaza chali. Mwili ulipona lakini ulimi haukupona. Chumvi na sukari vikawa kwake kitu kimoja. Mpishi asiyejua ladha ya chakula chake ana siku chache kibaruani, na wapasua mbao si watu wa kubembelezwa: mchuzi ukiwa mbaya wanaumwaga mbele yako. Basi mama akawafanya binti zake kuwa viungo vyake. Mdogo akapandishwa kwenye ndoo, akapewa kijiko, akaambiwa aonje na aseme. Akaitwa Ulimi.

Mkubwa akapewa muda. Kibandani hakukuwa na saa ya ukutani wala ya mkononi, na mama alikuwa na sufuria tatu, kuni za kuchanja na maji ya kuteka. Kwa hiyo kila kitu kilichopikwa kilipewa wimbo wake, na mkubwa kazi yake ilikuwa kuimba. Kitunguu kilikuwa na wimbo mfupi. Wali ulikuwa na wimbo wa kunong'ona, eti ukipaza sauti unashika chini. Maharage yalikuwa na wimbo wenye beti nyingi mpaka koo linakauka. Ukiimba mbiombio, kitunguu kibichi. Ukisinzia, kimekuwa mkaa. Mama huko nje na shoka lake alisikiliza, na wimbo ulipofika kiitikio aliingia, akaepua. Na alikuwa na maneno yake, aliyasema kila siku kama sala: "Mikono yangu, ulimi wa huyu, saa ya yule. Tukiwa watatu ndio mpishi mmoja."

Ulimi mwenyewe hakujua kuimba. Hakujua kabisa. Akifungua mdomo ilikuwa kama bawaba ya geti inayodai mafuta, na siku mkubwa alipopata kikohozi wakamjaribu mdogo, wapasua mbao walituma mtu kuuliza nani anapigwa.

Kuna na hili la nguo. Gauni lilikuwa linanunuliwa moja, la mkubwa. Likimbana, linapunguzwa kwa ajili ya mdogo: ubavuni linaingizwa, mabegani linapandishwa, chini linakunjwa upindo mpana kama kiganja, ili mtoto akikua lifumuliwe lishuke naye. Mama alimwonyesha mkubwa mshono wa kwanza. Yaliyobaki alijifunza kwenye mwili wa mdogo wake, huku yule akijikunakuna na kulalamika kwamba anachomwa. Ufundi wa Saa ulimwingia hivyo. Hakuwahi kukaa darasa la ushonaji hata siku moja. Baadaye Ulimi alichukuliwa na mwenye hoteli mmoja aliyekuja kununua mbao akala, akarudi tena bila kununua mbao. Saa akaenda kwa fundi cherehani. Kila mmoja akashika njia yake, na mama akafa anajua kwamba wote wawili wana kazi.

Haya ndiyo yaliyotolewa kwenye mchezo. Saa hakutaka kupigiwa makofi. Alitaka watu wakitoka pale wajue kwamba jikoni mle walikuwa watatu. Hilo tu. Na hilo tu, mtu mwenye kiburi hawezi kuliomba.

Akajikaza kisabuni, akashona. Kila siku alisikia kutoka chini wakifanya mazoezi ya wimbo wa kitunguu, na kila siku ulimpanda kichwani. Mpishi ndiye aliyeuguna kwa simu ili mpiga kinanda aupate, na mnajua alivyo. Mzee wa watu alikuwa ametega sikio kwenye bawaba ya geti akijaribu kutoa muziki. Alichotoa kilikuwa na adabu, lakini kilichechemea. Juu ya hayo, binti waliyempata wa kumwigiza Mpishi alikuwa na sauti ya kukutoa machozi. Saa alicheka peke yake kule juu mpaka akaketi. Walikuwa wamechukua sauti ya dada, wakampa mdogo, halafu dada wakamfukuza.

Likaja gauni. Mwongozaji alimwomba la mtoto maskini, moja, lililochoka, atakalolivaa binti wa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Saa alitafuta kitambaa cha bluu iliyopauka, akakiloweka, akakianika, akakisugua kwa jiwe. Kisha akaketi kwenye cherehani ya kukanyaga na kufanya kazi akiwaza mengine: mama, shoka, vumbi. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akalitundika, akaenda kunywa chai. Hakuliangalia mara mbili. Gauni la mtoto ni kitu gani kwake.

Siku ya kujaribu mavazi, binti wa sauti alisimama juu ya meza ya kukatia akizungushwa. Mama yake binti alikuwa kwenye kiti akisema anapendeza, anapendeza. Mwongozaji alipanda ngazi, akatazama, akasema ndilo hasa. Halafu akainama. Akaushika upindo, akauona mpana kama kiganja. Akapitisha kidole ubavuni, penye mshono wa kwanza ulioachwa nje na wa pili ulioliingiza gauni ndani. Akagusa bega lililopandishwa, na matundu madogo ya sindano mahali ambapo bega lilikuwa zamani.

Akanyanyua uso.

"Mama," alisema, "gauni hili limepunguzwa."

Saa akaja karibu. Akalitazama gauni kama mtu anayeonyeshwa picha yake aliyopigwa akiwa amelala. Lilikuwa kweli. Alikuwa amelishona kubwa kwanza, la msichana mkubwa, kisha akalikata na kulirudisha kwa mdogo, palepale, bila kuambiwa, bila kujua. Mikono ilijiendea. Gauni la mdogo wake haikuwahi kulishona kwa njia nyingine.

"Mtoto kwenye mchezo wangu hana ndugu," mwongozaji aliendelea, taratibu, hakuwa anamgombeza. "Sasa nani alilivaa kabla yake?"

Saa alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi, mojamoja, na hakuzifanyia haraka.

"Mimi," alisema.

Mwongozaji akaketi juu ya kikapu cha nguo za kufua. Yakatoka yote, kibanda, homa, ndoo, nyimbo, na Saa aliyasimulia kwa ukali, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa na kulaumiwa kuwa hakurudisha. Alipofika kwenye kitunguu mwongozaji akamwomba auimbe. Saa akasema yeye si mwimbaji, ni saa. Basi hesabu, mwongozaji akamwambia. Akaimba, akitazama ukuta wa jirani:

Kitunguu lala polepole,
moto ni mdogo, usiogope,
wapasua mbao wanakuja,
wakikuta mbichi wataondoka.

Ngazi za chuma zililia. Mpiga kinanda alitokea mlangoni akihema, sweta lake na viwiko vyake. Akasema kumbe wimbo ulikuwa na miguu yote miwili, akaomba aimbiwe tena.

Baadaye, wengine waliposhuka, mwongozaji alibaki. Alisema kuna siku aliutamka upuuzi, kwamba dada hana kazi.

"Nilikusikia."

"Mbona hukusema kitu, mama?"

"Nilikuwa na pini mdomoni, mwanangu."

Wakacheka, lakini kicheko hakishoni mchezo. Siku zilizobaki zilikuwa chache na karatasi zilibidi ziandikwe upya. Mwongozaji hakuwa mtu wa kuogopa kazi. Alitaka jukwaa lisimame kama kile kibanda kilivyosimama: anayeimba ni dada, na Mpishi mwenyewe, mwenye mchezo, haimbi. Anaonja. Watu wakamwambia ameingiwa na wazimu, mchezo wa nyimbo ambao shujaa wake haimbi. Akasema ndivyo ilivyokuwa kibandani, na bado mpishi maarufu akatokea humo.

Aliyepanda juu kwa hasira ni mama wa binti wa sauti. Mtoto wake alichaguliwa awe Mpishi, ametangaza kwa majirani, ametangaza kwa mawifi, leo awe dada wa Mpishi kwa sababu ya upindo? Alitaka kujua fundi nguo ameanza lini kugawa vyeo. Saa hakubishana naye. Alimgeukia binti, aliyekuwa amekaa juu ya meza anabembeza miguu, akamuuliza anataka nini.

"Nani anaimba zaidi?" binti aliuliza.

"Dada. Mpishi haimbi hata neno."

"Basi niwe dada." Akamtazama mama yake. "Wewe waambie mawifi ndiyo nafasi kubwa zaidi."

Akapatikana binti mwingine wa kuwa Ulimi, mfupi, mwenye mashavu, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kunusa kijiko kwa namna inayokufanya umeze mate. Saa akalifumua gauni la bluu, akatengeneza mengine mawili ya kitambaa hichohicho, kubwa na dogo, yanayofanana mpaka doa.

Jioni ya kwanza ukumbi ulijaa. Mpishi alikuja, amevaa vizuri, akaketishwa katikati kwenye safu za mbele, na watu wakawa wanageuka kumtazama yeye kabla hata pazia halijafunguliwa. Saa hakutaka kukaa naye. Alisema ana kazi, na neno hilo alilitamka vizuri. Alibaki nyuma ya pazia la pembeni, penye meza ndogo, pasi na pini zake, akinyoosha aproni ya mama kwa ajili ya sehemu ya mwisho.

Kutoka pale aliona kibanda. Mabati, moshi wa uongo, kitunguu cha kweli kwenye mafuta ya kweli, maana mwongozaji alitaka harufu ifike safu ya nyuma. Mama nje na shoka. Ulimi juu ya ndoo. Na binti wa sauti, ndani ya gauni la bluu, akaanza kitunguu lala polepole, na kwa mara ya kwanza Saa aliusikia wimbo ule ukipima kitunguu cha kweli bila kuuimba yeye. Kitunguu kikageuka rangi kwenye kiitikio. Mama akaingia, akaepua. Ukumbi mzima ukanusa, na mtu mmoja kwenye safu za nyuma akasema kwa sauti kwamba yeye hajala tangu asubuhi.

Halafu ikaja sehemu ambayo haikuwa na maneno. Binti mkubwa aligeuka nyuma ya mlango wa mabati, akatoka amevaa nguo nyingine, gauni la bluu mkononi. Akaketi chini, akachukua sindano. Akaingiza ubavu, akapandisha bega, akakunja upindo, akiimba maharage, ubeti kwa ubeti, na mdogo amesimama mbele yake anajikuna. Kisha akamvika lile dogo. Hakuna aliyeona lilibadilishwa saa ngapi, na msiniulize, hiyo ni siri ya Mama Sindano. Mdogo akazunguka na gauni lake lililoanzia kwa dada. Ukumbini watu wakawakumbuka walio nyumbani.

Wimbo wa kitunguu ulirudi mwishoni, na waigizaji wakawaashiria watu wauitikie. Ukumbi ukaitikia. Sauti zikapanda, nzito kwa nyembamba, zikashikana vizuri. Na katikati yake ikatoka moja iliyokwenda upande wake, kali, kavu, iliyolia kama bawaba ya geti. Watu wa safu ya mbele wakageuka. Mpishi maarufu, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote na hakuna hata neno moja aliloliweka mahali pake.

Nyuma ya pazia Saa akaitambua. Akatoa pini mdomoni, zote kwa mpigo safari hii, akafungua koo. Hakuimba kwa kujionyesha. Aliimba kama alivyokuwa akiimba zamani mdogo wake alipoanza kuharibu, akiingia chini ya ile sauti na kuinyanyua, akiivuta polepole mpaka ikaukaribia wimbo. Waliokuwa mbele hawakujua sauti hiyo ya pili inatoka wapi. Mpiga kinanda alijua. Aliondoa mikono kwenye kinanda, akawaachia ndugu.

Moshi wa pili ulipoanza, watu walidhani ni wa mchezo. Ulikuwa wa aproni. Saa alikuwa ameiacha pasi juu yake, yeye ambaye hakuwahi kuunguza kitunguu, na mama wa mchezo akatoka kuinama mbele ya watu akiwa na alama ya pasi, nyeusi, iliyochongoka, katikati ya kifua. Aproni ile haikushonwa upya. Inavaliwa hivyohivyo kila mchezo unapopigwa, na waigizaji wapya wakiuliza, Saa huwajibu kwamba siku hiyo saa ilisimama kidogo.

Makofi yalipokuwa bado yanaendelea, ngazi za chuma zililia, na Mpishi akaingia chumba cha mavazi bila kubisha. Wakubwa walikuwa wanamsubiri chini, mlinzi alikuwa amechanganyikiwa. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akalishika lile gauni dogo la bluu, akapitisha kidole kwenye upindo.

"Dada, umenipunguzia gauni tena."

"Na wewe umeniharibia wimbo tena," Saa alisema. "Njoo ukae. Hicho kifungo chako kinataka kuanguka."